Mande

Kule Atlixco mtoto akiitwa haitiki "nini?"
"Nini" ni jibu la punda, alisema Doña Crescencia,
na mwiko ulikuwa karibu, kumsaidia kusema.
Otilia, miaka tisa, akajifunza kuitika: Mande.
Yaani, niamuru.
Jina lake halijaisha kutamkwa
naye ameshajitoa.

Kisha kikapu, kisha sarafu zilizofundikwa kwenye leso:
nyanya nusu kilo, giligilani fungu moja,
chumvi, usisahau chumvi, na urudi na chenji.
Safari hiyo ya sokoni huitwa mandado.
Na mtu aliyeamriwa, naye ni mandado.
Neno moja, kikapu na mbebaji.

Mimi ninayelisimulia hili kwa Kiswahili
sina mdomo wa kuwacheka. Kwetu kutuma
kulimzaa mtume, kukamzaa mtumishi,
kukamzaa na yule wa mnyororo shingoni,
ndugu wa tumbo moja wasiokula sahani moja.

Otilia sasa ana hamsini na nne.
Bomba la mtaa wake lilikohoa kutu Februari, likanyamaza.
Yuko manispaa, dirisha la tatu,
kikaratasi cha namba kimelowa jasho.
"Sitini na moja!"
"Mande." Likamtoka lenyewe, kama kwikwi.

Kijana wa dirishani ni Nabor, mwana wa fundi viatu,
tai imemkaba, mhuri uko mbali na mkono wake.
Anasema maji hayamo katika uwezo wake. Anasema ofisi ya juu.
Anasema, akiiangalia meza:
"Mimi, senyora, ni mandado tu."

Otilia akalitazama neno lile
lilivyovaa tai.
Mama alishazikwa, mwiko ulishakuwa kuni,
lakini sauti ilijua njia.

"Vizuri. Basi nikutume.
Maji, mapipa mawili kwa kila nyumba, kabla ya Jumamosi.
Jina la huyo wa juu, kwenye karatasi, na saini yake.
Usicheze njiani.
Na urudi na chenji."

Foleni nzima ikaacha kujipepea.
Nabor akainua uso, masikio yamemwiva,
na mdomo ukamponyoka:
"Mande?"

Maji yalikuja Jumanne ya pili,
saa moja tu, yenye rangi ya chai.
Otilia akakinga hadi kwenye vikombe.
Chenji bado anadai.