Mbuzi Kapanda Mezani

Mtaalamu alikuja Jumatatu na futikamba,
akapima kitanda, akapima choo, akapima kiti,
akaniuliza urefu wa goti la mama mkubwa
nami sikuujua.
Utoto mzima nimelilalia goti hilo,
sijawahi kulipima.
Sentimita arobaini na tisa, akaandika.
Kuketi chini ya hapo, mwiko.

Kwa hiyo usiku huu natembea nyumbani mwangu kama mgeni,
nimeegemea mwavuli, mguu wa kulia nimeukaza,
natafuta kitakachomwangusha.
Zulia la ukumbini: linakunjwa.
Waya wa taa: unabanwa ukutani.
Busati la Pemba, alilolibeba kwenye ndege
limeviringwa kama bunduki
hata wakamsimamisha Birmingham wakamhoji,
hilo nalilaza juu ya kabati, nikiliomba radhi.
Viatu vya watoto. Paka.
Paka sina pa kumweka.

Baljinder wa nyumba ya pili ameleta drili
na maneno mengi kuhusu nyonga ya mkewe.
Kuta za Coventry ni za zamani,
zinamomonyoka kama mkate wa mofa wa jana;
tumetoboa mara nne ndipo chuma kikashika.
Nikajining'iniza nacho kwa kilo zangu tisini na mbili,
Baljinder akicheka: "Yeye hafiki hata nusu yako."
Choo kimepandishwa cheo kwa kiti cha plastiki.
Kopo la maji limehama sakafuni,
liko juu ya stuli, mkono wa kushoto.
Kitanda kimeshuka ghorofani vipande vipande
kikaingia sebuleni,
na sebule haina tena haya mbele ya wageni.

Yamebaki ya jikoni.
Sufuria za chini zimepanda, za juu zimeshuka,
kila kitu kati ya kiuno na bega,
kana kwamba mtu amegaiwa kipande hicho tu cha dunia.

Na chini ya sinki, nyuma ya ndoo: mbuzi.
Mbuzi wake wa mninga,
mgongo umeng'aa kwa kukaliwa na wanawake watatu.
Nikampima. Kumi na tisa.
Nikamkalia peke yangu, saa saba za usiku, magoti masikioni,
nikawaza kumficha stoo,
nikawaza nitasemaje.
Tui la kopo lipo madukani. Yeye huliita
maji ya kuoshea vyungu.

Alhamisi, saa nane, manyunyu.
Gari la hospitali likamshusha na magongo mawili.
Mlangoni pana kidato kimoja.
Muuguzi kamfundisha: kupanda, mguu mzima hutangulia;
kushuka, mgonjwa.
Mzima ni wa kushoto.
Na nyumba, tangu utoto wake Wete,
huingiwa kwa mguu wa kulia.

Akasimama.
Mvua ikalilowesha buibui mabegani.
Nikasema, mama, ingia tu, Mungu anajua.
Akanitazama kama mtu aliyekatizwa hesabu.
Kisha akapandisha wa kushoto,
akauvuta wa kulia hadi ubavuni pa mwenziwe,
akapumua, bado yuko nje, juu ya kidato,
na pale penye kizingiti, palipo sawa,
akatanguliza wa kulia, ule uliochanwa,
polepole, kama anayemfundisha mtoto kutembea.
"Bismillahi."

Chuma cha ukutani hakukiuliza. Busati hakuliuliza.
Akaenda moja kwa moja jikoni.
Mbuzi yuko juu ya meza,
amebanwa kwa jiliwa mbili za Baljinder,
meno nje, ameelekea dirishani.
Akamzunguka kwa magongo yake,
akayagusa meno kwa kidole.
"Haya," akasema, "mbuzi kapanda mezani,
na Mize kakatazwa kuinama.
Nazi iko wapi?"

Nazi sikununua.
Nikachukua koti.