Mfuko Ulioshonwa

Koti lile nililishona mimi,
Barabara ya Nane, Ngamiani,
kwa khaki iliyobaki kwenye sare za shule.
Mfuko wa kushoto niliufunga kwa uzi
kwa kuwa bitana iliniishia.
Basi. Hakuna sababu nyingine.

Hoza alipolivaa akawa Kaimu,
kaimu mkuu wa stesheni asiyethibitishwa kazini,
anayengoja treni ya saa tisa iliyofutwa zamani,
mkono wake ulitafuta mfuko, ukakuta ukuta.
Akaupapasa. Kamera ikaona.
Kufika sehemu ya nne, Tanga nzima inajua:
mle ndani mna barua.

Sehemu kumi na moja tu.
Ijumaa, baada ya taarifa ya habari,
baiskeli zililala nje ya nyumba zenye televisheni
kama viatu nje ya msikiti.
Halafu ile ya mwisho: Kaimu anasikia honi,
anafungua mlango wa ofisi,
giza.

Miaka kumi na tisa tunalibishania giza hilo.
Kinyozi wa Makorora anasema alikufa.
Muuza vitumbua wa Chumbageni anaapa treni ilikuja,
yeye aliisikia hadi magurudumu.
Vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa
wakikutana hugonga kifua, kushoto, mara mbili:
wameshasalimiana.

Mimi nilikuwepo. Taa iliungua.
Pesa ya balbu nyingine haikuwepo,
na nyuma ya mlango ule palikuwa na kreti za soda.

Sasa wamekuja wa Dar.
Bwana mmoja mpole, Eliakimu, mrefu, anainama kuingia,
ananichorea mezani kwa chaki yangu mwenyewe:
msimu wa pili, wa tatu, hadi wa kumi;
utoto wa Kaimu, mtoto wa Kaimu,
Kaimu wa Moshi, Kaimu wa Kigoma,
fulana, vikombe, biskuti.
Na sehemu ya kumi na nne, anasema, barua itasomwa.

Barua gani, baba?

Nilitaka kumtoa na futikamba yake ya macho
inayopima kila kitu kwa urefu.
Nilishaiandaa na methali, ipo ulimini:
chovya chovya humaliza buyu la asali.
Mji huu huitwa waja leo, waondoka leo;
tamthilia ile ilikuja, ikaondoka,
ndiyo maana tunaikumbuka.
Mgeni akikaa sebuleni miaka kumi
si mgeni tena, ni kabati.

Lakini Zamoyoni, mtoto wa marehemu dada yangu,
ana diploma ya kurekodi sauti
na anasajili laini za simu chini ya mwavuli, Mgandini.
Hawa wanataka watu arobaini.
Na Hoza mwenyewe, kabla presha haijamchukua,
alikaa hapo mlangoni na kikombe cha kahawa, akaniambia:
"Unajua, ile treni ningependa kuipanda siku moja."
Hakuwa anatania. Nilimtazama, hakuwa anatania.

Methali ikanikwama.
Nani kaniteua mimi kuwa mlinzi
wa giza lililotokana na balbu?

Usiku nililitoa koti sandukuni.
Khaki imepauka mabegani, kola ina jasho lake bado.
Mkasi nilikuwa nao. Nyuzi sita tu, za kukata.
Nilijua hamna kitu, niliufunga mwenyewe,
na bado nilibonyeza kwa kidole gumba, polepole,
nikahisi
pembe ya karatasi.
Au pindo la kitambaa. Pindo, bila shaka.

Nikarudisha mkasi.

Kazi nimeichukua. Makoti kumi na mawili,
nusu ya malipo taslimu,
na Zamoyoni ameanza Jumatatu.
Koti la zamani nimesema limeliwa na mende.
Mifuko kumi na mmoja inafunguka vizuri,
barua yoyote wanayoitaka itaingia.
Ule wa kumi na mbili
watauona wenyewe, kamera ikishawaka.