Hatua Thelathini

Alumini haipendi hasira.
Ukiipiga kwa pupa inakunja uso,
na kunjo hilo halitoki.

Miezi saba, uani kwetu Igoma:
ekseli ya Noah iliyofia Usagara,
mbao za makasha ya sangara, harufu yake bado ipo,
mabati kumi na moja,
ribiti mia sita na ushee.
Nkwimba ndiye aliyehesabu,
akinishikia chuma kwa ndani.
"Gonga."
"Bado."
"Gonga."

Mama mkwe alileta mihogo, akalizunguka tela mara mbili.
"Nyumba mnayo. Hii ya nini?"
"Ya kulala Lamadi, tusikie viboko."
"Viboko wanasikika bure."

Jana usiku tulilijaribu,
hatua thelathini kutoka kitanda chetu.
Mvua ikaja kutoka ziwani bila hodi,
ikatuhesabia mabati upya.
Kisha: to.
Ribiti moja tu, juu ya goti lake.

Nikawasha tochi, nikapapasa silikoni.
Yeye akaingiza mkono chini ya godoro,
akatoa kisufuria nilichofua kwa vipande vilivyobaki,
akakitega.

To. To.

"Hao ndugu," alisema. "Waache waongee."

Maji ya chai ya asubuhi
hatukwenda kuchota.