Pole na Mafuriko

Mvua ya Aprili iliingia dukani Kariakoo
bila hodi, ikapanda hadi kwenye seva
chini ya ngazi, jirani na ndoo ya deki.
Ikazima taa yake ya kijani. Basi.

Bwana Kipingu, mwenye deni la mabati mia mbili,
alikuwa wa kwanza kuja kutoa pole.
"Na… vitabu vya hesabu, navyo vimekwenda na maji?"

Mwasiti hakujibu. Alikamua upindo wa khanga,
akafungua simu, akaandika nywila,
akasubiri kiduara kizunguke.

Kila usiku saa nane, sisi tukikoroma,
nakala ilikuwa ikipanda wingu lingine,
lisilonyesha.

"Mia mbili na kumi na nne," akasoma.
"Keti, Bwana Kipingu. Kiti hicho kimekauka."