Viatu vya Mama Ormerod

Chumba chake kiko ngazi ya tatu,
dirisha laelekea dohani za viwanda vya pamba vya Preston,
zilizokwisha kunyamaza.
Mimi wa Mbinga hukifagia kila Jumamosi.

Alianzisha shirika kwa magunia sita ya viazi, tena ya mkopo,
na mabinti wanne wenye vidole vilivyochanwa na nyuzi.
Akawatuma ng'ambo, mmoja mmoja.
Yeye, hata kivuko cha Liverpool kilimtapisha.

Daftari la madeni li wazi mezani:
nauli, kwinini, nauli, sanda.
Mwisho, kwa penseli, mwandiko umelegea:
viatu jozi moja, vya safari.

Vimo chini ya kitanda.
Soli haijagusa tope.
Kila wiki navipangusa, navirudisha.

Leo nimevivaa.
Vinanitosha.
Sijamwambia mtu.