Kiwiko cha Tauno

Kila kitu kina uzito wake na ukaidi wake,
na mahali kinapotulia kisiposumbuliwa.
Kisukume kidogo, kiache:
kitarudi, kitapitiliza, kitajuta, kitarudi tena.
Vitabu vinaanzia hapo. Nami nilianzia hapo, darasani Tampere,
kwa rula ya chuma niliyoibana ukingoni mwa meza
nikaikung'uta ncha: trrrrr.
Nikaivuta ndani, ikabaki fupi, sauti ikawa nyembamba.
Nikaigandisha sarafu kwa nta, ikazubaa, ikaguna.
Ufupi huharakisha, uzito huchelewesha.
Siku ile sikuandika zaidi ya hayo.

Baba alikuwa ameanzia kwingine.
Msumeno wake wa kwanza wa injini, mwaka sitini na tatu,
haukuwa na kipande cha mpira kati ya mpini na mtambo.
Kila mlipuko wa petroli ulipanda viganjani,
mara mia na kitu kwa sekunde,
kutwa nzima, misonobari ya Kainuu ikilala thelujini.
Jioni aliuzima msumeno.
Mikono haikuzimika.

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi, kimoja kimoja,
vyeupe kama mishumaa, kutoka ncha hadi kifundo cha pili.
"Tauno, umeshika?" mama alimuuliza akimpa kahawa,
naye alitazama mkono kwanza ndipo ajibu.
Baridi, alisema daktari.
Baridi, walisema wenye misumeno wote,
na kila mmoja alificha mikono mfukoni.

Mimi kazi yangu ni kupima. Kiwanda cha karatasi, mashine ya pili.
Oda zilipoongezeka waliongeza mwendo,
na ulipofika mita mia nane na arobaini kwa dakika
daraja dogo la ukaguzi likaanza kusema.
Kwanza nati zilinong'ona. Halafu chai ndani ya kikombe
ikajichora duara ndani ya duara.
Mwisho hapakuwa na mtu aliyetaka kupita juu yake.

"Chuma kimezeeka," alisema Pulkkinen, msimamizi.
"Leteni wachomeleaji, kinenepeshwe."
Nikamwambia: chuma hakina kosa, kimeitwa tu.
Daraja hili lina jina lake,
mara kumi na moja kwa sekunde, tangu siku lilipofungwa bolti.
Roli ile pale, yenye kasoro ya gramu chache upande mmoja,
sasa inazunguka mara kumi na moja kwa sekunde.
Inalitaja jina. Daraja linaitika: labeka.
Inataja tena, nalo halijamaliza kuitika.
Haba na haba, ndiyo, lakini kwa wakati wake;
haba isiyokuja kwa wakati haijazi kibaba chochote.

Ukilinenepesha utaongeza ukaidi na uzito kwa pamoja,
na jina litabaki karibu lile lile.
Pulkkinen alikuna shingo.
Niliomba mifuko miwili ya mchanga na kamba.

Alicheka, wachomeleaji wakacheka.
Nikaifunga katikati ya daraja, chini ya sakafu.
Punje zikaanza kusuguana,
zikawa zinakula mtetemo kimya kimya, zinaugeuza joto
dogo kiasi kwamba hakuna mkono ungelihisi.
Chai ikatulia.
Baadaye tuliweka mpira chini ya miguu ya daraja
na roli ikasawazishwa, lakini ule mchanga
hakuna aliyethubutu kuufungua. Bado upo.

Siku ya wageni nilimleta baba.
Alipanda ngazi polepole, mashine ikinguruma mwendo wote,
akaweka kiganja juu ya reli, akasubiri, akakitoa.
Kiganja hakikuwa na habari.
Akakunja mkono wa koti
akaegemeza kiwiko.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"Limenyamaza," alisema.
Kisha, bila kunitazama:
"Huo mpira. Unagharimu kiasi gani?"
Nikamtajia. Marka arobaini, kwa mguu mmoja.
Alitikisa kichwa, akateremsha mkono wa koti,
akavaa glavu zake, moja, halafu nyingine,
akivitazama vidole vikiingia.