Nilisema Tahadhari

Barua ya kaunti ilifika Jumanne, kurasa mbili,
muhuri wake bado unachafua kidole:
chanjo za bechi iishiayo saba-moja-nne
zirudishwe, kwa tahadhari.
Nikafungua friji. Chupa kumi na tisa
zimekaa kwa adabu kama watoto wa chuo.
Nikazitia kwenye boksi la barafu, nikaandika ZISITUMIKE.
Zilizokwisha hazirudi.
Zimo mapajani mwa watoto wa Ganda.

Sitini na mbili. Niliwahesabu kwenye rejista mara mbili,
mara ya pili nikitumaini kukosea.
Jina la mwisho nililifunika kwa kidole.

Nilimkuta Mbeyu akipepeta mahindi.
Nilisema: tahadhari.
Yeye akasikia: hatari.
Mkia wa maneno haya ni mmoja, na woga hushika mkia.
Akamnyakua Kazungu, akamvua nguo zote,
akamgeuza huku na huku kama anayetafuta kupe.

Basi nikaketi chini. Barua nikaiacha mfukoni.

Mama Kazungu, mtoto hakupewa sumu.
Kiwandani wameona chupa chache hazina nguvu ya kutosha,
kama chumvi iliyolowa: ipo, ila haikolezi.
Hawajajua ni zipi, ndiyo maana wanaziita zote.
Akichemka mwili, mlete. Hata usiku, nambari yangu hii hapa.
Paja likivimba, au akikataa titi, mlete,
na usimkande kwanza kwa mwarobaini ndipo uje.
Akicheza, acha acheze. Akilala, acha alale.
Kadi usiitupe.
Alhamisi ya wiki ijayo atachomwa tena.
Atalia tena. Kwa hilo nisamehe.

"Na hiyo mpya, kaionja nani?"

Nilikuwa na jibu la mafunzoni, limepigwa pasi.
Likakwama kooni.
Nikasema: sijui yote.
Najua tu kwamba walioandika barua hii
wangeweza kunyamaza.

Akarusha ungo mara tatu. Pumba zikanishukia viatuni.
"Anayekuonyesha shimo," akasema, "huenda siye aliyelichimba.
Lakini jana ni wewe uliyenipitisha njia hiyo."

Nyumba ya pili walinipa maji.
Ya tano walifunga mlango, nikasikia komeo.
Kwa Sidi kadi ilikuwa imeliwa na mchwa,
tukabaki kukumbuka pamoja:
ilikuwa kabla ya mvua, au baada?
Siku ile mtoto alivaa gauni gani?
Baba mmoja, Ngumbao, akanirekodi kwa simu.
"Rudia," akasema. Nikarudia,
wala sikubadili neno.

Usiku nilifika kwangu Barani.
Nikavuta droo ya vitambaa, nikatoa kadi ya sitini na mbili.
Saba-moja-nne. Mwandiko ni wangu.
Umazi amelala, paja moja nje ya shuka.
Nikamgusa kwa kiganja,
kisha kwa mgongo wa mkono,
kisha nikaenda kutafuta kipimajoto,
mimi niliyeshinda nikisema akilala, acha alale.
Thelathini na sita nukta nane.

Nikazima taa. Nikasema tahadhari, kwa sauti ndogo,
nikangoja kujua
nitasikia nini.